Mzani wa Salehe Kondo

Kioo cha mlangoni kilimkataa mama yangu kwa adabu.

"Bi Mlekwa Kasanda, karibu," kilisema kwa ile sauti yake ya kike isiyopanda wala kushuka. "Uzito wako ni gramu sifuri. Uko mfukoni mwa Binti Ngoma. Kitanda nambari tatu kimemfuata mwenye mfuko. Asante kwa kufika mapema."

Mama alikuwa ameshakunja mkono wa gauni, tayari kwa sindano. Akabaki hivyo hivyo, mkono nje.

"Kimesema niko wapi?"

Watu wawili watatu kwenye benchi walicheka, kisha wakaona uso wake wakaacha. Walimfahamu. Kwa miezi kumi na minne, kila Jumanne na kila Alhamisi, mama alilala kitanda nambari tatu saa nne nzima huku mashine ikisafisha damu yake, kwa sababu figo zake hazifanyi kazi tena. Kitanda kile kilikuwa kama nyumba yake ya pili. Alikuwa na khanga yake pale, chini ya mto.

Sista Debora akatoka, akasoma kioo, akakibonyeza, akakisoma tena.

"Mfuko? Mfuko wa bima, au?" akaniuliza mimi.

Sikumjibu. Mbele ya watu huwa sijibu haraka, lakini safari hii nilikuwa bado nakisoma kioo. Gramu. Mfukoni. Mwenye mfuko. Maneno yale niliyajua moja moja, na nilimjua aliyeyatunga, na hayakuwa maneno ya hospitali. Yalikuwa maneno ya mchezo.

"Sista, naomba alale tu," nikasema mwishowe. "Kitanda si kile pale, kitupu?"

"Kitupu kwa dakika kumi. Mwenyewe yuko njiani." Akashusha sauti. "Na hata nikimlaza, mashine haifunguki mpaka huyo Mgawaji wa kwenye kioo aruhusu. Si kama zamani, mwanangu." Akainama akabonyeza mguu wa mama kwa kidole. Shimo likabaki pale kama kwenye unga. "Asile chumvi. Maji, vikombe viwili tu kwa siku. Akikosa na Alhamisi..."

Akamkunjua mama mkono wa gauni, taratibu, kama anamvalisha mtoto.

* * *

Nyumbani nilimlaza mama kwenye mkeka, nikafungua Kijiwe.

Kijiwe cha Michezo ni jukwaa la watu wa mji wetu wa Ngulilo. Hatuzungumzi siasa pale, tunacheza. Kuna Herufi ya Mwisho, mmoja anaandika neno na mwingine anaanza na herufi liliyoishia. Kuna Hesabu Mpaka Elfu, ambayo hatujawahi kufika. Kuna Nani Mwizi wa Kuku, watu wanapiga kura kumtoa mwizi na kila siku wanamtoa asiye na hatia. Mimi pale naitwa Kijiko, na pale ninaongea kuliko watu wote. Darasa la tano niliacha shule kwa ajili ya kumuuguza mama, na kuandika vizuri nilijifunzia hapo hapo. Mwaka juzi wakanipa utunzaji wa kijiwe, pamoja na ufunguo wa kusahihisha: naweza kuingia katika andiko la mtu yeyote nikaondoa tusi au kosa, na hakuna alama inayobaki.

Mchezo uliopendwa zaidi ni Mnada wa Watani. Mama ni Mnyamwezi, mimi pia. Binti Ngoma ni Mzaramo. Kwa desturi zetu hao ni watani, wanaruhusiwa kutukanana, kunyang'anyana, hata kuuzana, na aliyekasirika ndiye aliyeshindwa. Nilitafuta mnada wa mwezi uliopita.

Binti Ngoma alikuwa ameandika: "Huyu Bi Mlekwa nimemchukua. Wanyamwezi wapagazi wetu tangu enzi za mababu. Atanibebea ndoo na mwavuli."

Mimi nikajibu: "Mchukue mtani, ila anakoroma, na mizigo utabeba wewe."

Mama mwenyewe, kwa jina lake nililomfungulia ili asichoke kitandani, akaandika: "Nimekubali kuuzwa mradi huko uendako kuna pilau."

Watu arobaini walicheka. Na chini yao wote, kama kawaida yake, Salehe Kondo:

"Imepimwa. Bi Mlekwa, gramu mia tatu na nne, ameingia mfukoni mwa Binti Ngoma. Kipengele cha 88. Zikipita siku thelathini bila wenyewe kumwomba arudishwe, vyote alivyonavyo vitamfuata mwenye mfuko."

Kwa andiko hilo watu walicheka zaidi kuliko kwa utani wenyewe.

Salehe Kondo tulimwita Mzee wa Mizani. Miaka kumi na minne alikuwa akiandika kitu alichokiita Mzani Mkuu, maandiko elfu kumi na moja, majedwali mia nne na zaidi. Kwake Kijiwe hakikuwa kijiwe. Kila neno katika Herufi ya Mwisho lilikuwa na gramu zake, neno la herufi saba gramu saba, isipokuwa siku ya Ijumaa. Kila kura ya mwizi wa kuku ilipunguza uzito wa mtu na kumwongezea mwingine. Alisema siku moja michezo yote itaungana kuwa mmoja, na mji wote utaendeshwa kwa mzani huo, maji, vitanda vya hospitali, viti vya treni, bila upendeleo na bila ndugu wa mtu. Tulimuuliza, "Mzee, chai yangu ya leo ina gramu ngapi?" Naye alijibu, kwa heshima kabisa, na hesabu akaonyesha.

Nilihesabu siku. Ya thelathini ilikuwa jana.

"Ni lile la pilau?" mama akauliza kutoka kwenye mkeka.

"Ndilo, mama."

Alitazama dari. "Lakini tulikuwa tunacheka," akasema.

Hapo ndipo nikaukumbuka mkutano wa uwanjani, siku arobaini nyuma, walipokuja kuwasha Mgawaji. Kijana mmoja mtaalamu alipanda jukwaani akatueleza kwamba hii ni mashine inayofikiri, itagawa maji ya visima na nafasi za hospitali, itasema nasi kwa vioo vya milangoni na vya mabombani, na haitachoka wala haitapokea kitu chini ya meza. "Na hatukuiletea sheria za kigeni," akasema. "Tumeiambia isome mlichoandika ninyi wenyewe, watu wa Ngulilo, kwa lugha yenu. Ifuate desturi zenu. Palipo na maneno yanayopingana iyaache, ishike yasiyopingana. Na ikipotea njia kabisa, itafungua kila kitu na kuita watu."

Tulipiga makofi sana. Hakuna hata mmoja aliyeuliza, jamani, sisi tumeandika nini?

Hatukuwa tumeandika kitu. Matangazo ya misiba, ratiba za mpira. Na Kijiwe. Na ndani ya Kijiwe, mtu mmoja tu ambaye kwa miaka kumi na minne hakuwahi kujipinga hata mara moja.

* * *

Sikuwahi kusikia sauti ya Binti Ngoma. Nilimpigia simu nikiwa nimesimama, maana nikikaa ningekata.

"Nani?"

"Kijiko."

"Mtani!" Akapiga kelele hadi nikasogeza simu. "We Mnyamwezi, leo umepata ulimi? Nilijua bubu! Umekuja kumkomboa mama yako? Simtoi, bado hajanifulia!"

"Binti Ngoma, mama amekataliwa kitanda."

"Kitanda gani?"

"Nambari tatu."

Kelele zote zikakatika. Nikasikia maji yanachemka mahali, na mtu anakohoa.

"Jina langu Sikudhani," akasema, kama vile sasa ndipo tunajuana. "Mume wangu anaitwa Ubwa, mfanyakazi wa reli. Figo. Alikuwa wa tisa kwenye foleni, mtani. Wa tisa, miezi saba. Jana jioni nikaona ujumbe: kitanda nambari tatu ni chako, mpe umtakaye. Nikapiga goti. Sikuuliza kimetoka wapi." Nikamsikia akifunika sufuria. "Wewe ungeuliza?"

"Nisingeuliza."

"Leo kalala kwenye mashine saa nne nzima. Kaamka akaomba uji. Uji! Wiki mbili hajaomba kitu." Alianza kulia, akajizuia. "Subiri. Usikate."

Nikasikia kandambili zake zikivuka ua mpaka kwenye kioo cha bomba.

"Namrudisha Bi Mlekwa kwao," akasema kwa nguvu, kama anaongea na kiziwi. "Mimi Binti Ngoma. Nilikuwa natania."

Ile sauti isiyopanda wala kushuka ikajibu, nikaisikia wazi: "Utani ulipimwa. Kipengele cha 88 hakina mlango wa kurudi. Asante, Binti Ngoma."

"Umesikia?" Sikudhani akaniuliza. "Hata ningetaka, mtani, sina njia. Na Mungu anisamehe, sijui kama nilitaka."

* * *

Jumatano asubuhi nilikwenda kwa Salehe Kondo mwenyewe. Anakaa nyuma ya mashine ya zamani ya kusaga, chumba kimoja na ua. Mlangoni palikuwa na ndoo ya maji iliyofunikwa sahani, na juu ya sahani vumbi. Jirani yake, mama mmoja aliyekuwa akipepeta mtama, akanionyesha kwa kidevu. "Siku ya nne nampelekea. Hagusi. Labda wewe atakusikiliza."

Alikuwa mtu mdogo kuliko nilivyofikiri, kama miaka sitini, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Midomo ilikuwa imepasuka. Juu ya meza palikuwa na simu na maganda ya tikiti maji, yamekaushwa yakapangwa kwa ukubwa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Kijiko."

Macho yakamng'aa. "Kijiko! Mia nne na kumi na mbili! Uzito wako. Karibu, karibu. Nilidhani ni mtu mnene." Akanipa kiti chake, yeye akakaa kitandani. "Umeona? Mzani unafanya kazi. Mimi nilijua, lakini kujua na kuona si sawa. Siku tisa zilizopita nilifungua bomba langu asubuhi, nikasikia kioo kinasema: Salehe Kondo, kipengele cha 31. Nililia, binti yangu. Kwa furaha."

Nilikijua kipengele cha 31. Anayechekwa mara mia moja na asipate hata mtu mmoja wa kumtetea, bomba lake lifungwe, kwa maana mji haumhitaji.

Nilimtazama mdomo. Nikatazama maganda.

"Mzee, una siku tisa hujanywa maji?"

"Nakula matikiti. Jedwali halisemi chochote kuhusu matikiti." Akatabasamu, mdomo ukatoka damu kidogo, akaifuta kwa kiganja. "Yameisha juzi."

"Na ndoo ile ya nje?"

"Maji ya mtu mwingine? Mzani ndio kwanza umeanza, halafu mwenye mzani auibie?"

"Kwa nini uliandika kipengele kama kile?"

"Ili mtetee watu!" Alishangaa kwamba siijui sababu. "Nilisema, wakijua kwamba mtu atakosa maji, hawatakubali achekwe mpaka mia. Atatokea mmoja. Mmoja tu anatosha, kabla ya mia."

"Hakutokea."

"Hakutokea. Nilihesabu." Hakulisema kwa ubaya. "Kumi na saba zilikuwa zako. Ile ya chai ilinichekesha hata mimi."

Nikakosa pa kuweka uso. Nilimweleza habari ya mama, ya Ubwa, ya kesho. Nilieleza vibaya, nikirudia rudia. Alisikiliza kichwa kimeinama. Nikamwomba aandike neno moja tu, kwamba kipengele cha 88 hakimhusu mama.

"Unajua nilikuwa nafanya kazi gani?" akaniuliza. "Karani wa mizani, kwenye pamba. Mkulima analeta gunia kutoka maili ishirini, mzani umechezewa, gunia linapungua robo mbele ya macho yake. Anaona. Hawezi kusema kitu. Na mimi ndiye niliyekuwa nasoma namba kwa sauti, miaka sita. Nikaapa nitatengeneza mmoja usioinama kwa mtu. Ukiinama kwa mama yako leo, kesho utainama kwa nani?"

"Atakufa, Mzee."

"Naelewa."

"Na wewe utakufa."

"Naelewa hilo pia." Akanishika mkono. Kiganja kilikuwa kikavu kama karatasi. "Najua una ufunguo. Nawajua watunza kijiwe wote. Sina nguvu za kukuzuia. Lakini sikiliza. Miaka kumi na minne mliniita kichaa. Mke wangu aliondoka kwa neno hilo. Siku tisa sasa mimi si kichaa. Nina kiu, lakini si kichaa. Unataka kunirudisha kule?"

* * *

Nilitoka nikakaa kwenye kizingiti cha ile mashine ya kusaga, simu mapajani.

Niliwaza kumfuta. Kubonyeza mara moja, maandiko elfu kumi na moja yanakwenda. Lakini Mgawaji ameshasoma, angesema tu kwamba hakuna jipya. Ilibidi asome jambo linalopingana na lililotangulia, katika mkono ule ule anaouamini.

Nikatafuta andiko la kwanza kabisa la Salehe Kondo, lile ambalo majedwali yote yamesimama juu yake. Lilikuwa mstari mmoja: "Kila aliyezaliwa ana uzito."

Kwa mara ya kwanza sikucheka. Niliusoma mara nyingi. Ni maneno mazuri, na mimi ndiye niliyekuja kuyavunja.

Yule mama jirani akaacha kupepeta, akaniuliza kama nimepata homa. Nikasema hapana. Nilimfikiria mama akiuliza "Ni lile la pilau?" Nilifikiria uji wa Ubwa. Nilifikiria kwamba nikiacha, mtu mmoja mle ndani atakufa akiwa na furaha, na mwingine nyumbani kwetu atakufa akishangaa. Nikaona kwamba hata nikiacha, hiyo nayo ni kazi ya mkono wangu.

Nikaingiza ufunguo. Nikaandika: "Hakuna aliyezaliwa mwenye uzito."

Sikuwa nimeinua kichwa bado, maji yakapiga kelele.

Yalitoka kwenye bomba la jirani, kwa nguvu hadi ndoo ikapinduka. Yakatoka kwenye bomba la pili, la tatu. Mtaa mzima wanawake walipiga mayowe, wengine wa furaha, wengine wa woga, wakikimbia na masufuria, na beseni, na buti za mvua. Vioo vyote vilisema pamoja, "Nimepotea. Naita watu. Nimepotea. Naita watu," mji mzima, sauti moja, isiyopanda wala kushuka. Ndani ya ua wa Salehe Kondo nikasikia bomba lake nalo limefunguka.

Sikusikia mtu akiinuka kwenda kunywa.

* * *

Alhamisi hospitali haikuwa na sauti ya kioo. Tangi la mji lilikuwa limebaki robo na watu walikuwa na hasira, wakiuliza nani kaharibu. Mimi nilitazama chini.

Sista Debora alikaa mlangoni na daftari la shule na kalamu. Wagonjwa walikuwa kumi na mmoja, vitanda vitano. Aliita majina, akapiga mistari, akafuta, akapiga tena, jasho linamtoka. "Saa mbili mbili," akasema mwishoni. "Si saa nne. Haitoshi, najua haitoshi, msiniambie. Bi Mlekwa, kisha Ubwa Mwinyikondo, kitanda kimoja."

Mwanamke mrefu, kandambili mguuni, alimshika mume wake kiunoni wakaja mpaka pale tulipokuwa. Akamtazama mama kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Huyu ndiye mtumwa wangu?" akasema. Kisha akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka.

Benchi zima liligeukia kioo cha mlangoni. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuona watu wanaogopa utani.

"Pilau liko wapi?" mama akamuuliza.

Sikudhani akachuchumaa pale pale sakafuni, akaweka kichwa kwenye mapaja ya mama, akalia kwa sauti. Mama alimpigapiga mgongo. "Sasa huyu ndiye wa kunimiliki mimi? Ubwa, baba, umeoa nini?" Na Ubwa, mwenye ngozi ya majivu, akacheka mpaka akashika ukuta.

Baadaye likaja gari la matangazo. Mgawaji atawashwa tena Jumatatu, likasema. Atasoma upya kila kitu.

* * *

Jioni ile nilimkuta Salehe Kondo amekaa vile vile. Ua ulikuwa tope tupu, bomba lilikuwa limemwaga mpaka likakauka. Jirani alikuwa ameleta kikombe ndani kabisa, kikawekwa mezani karibu na mkono wake. Kimejaa.

Alinionyesha simu.

"Angalia nilichoandika," akasema. Sauti ilikuwa kama ya kukwangua. "Mstari wa kwanza. Miaka kumi na minne nimejenga juu ya mstari huu, na niliuandika kinyume. Nimeusoma usiku kucha. Sikumbuki kuuandika hivi, lakini si ndivyo ugonjwa wenyewe ulivyo? Walikuwa sahihi. Mke wangu alikuwa sahihi."

Ningeweza kunyamaza. Kunyamaza ndicho kitu ninachokijua kuliko vyote. Mzani ungebaki umevunjika, mama angebaki kwenye daftari la Sista Debora, na hakuna mtu duniani angejua. Yeye mwenyewe alikuwa ameshajihukumu, sikuwa na la kufanya zaidi ya kusema pole.

"Ni mimi, Mzee."

Hakuelewa.

"Mstari wako ulikuwa sawa. Niliubadilisha mimi, jana, pale nje. Wewe hukukosea."

Akanisogezea sikio. "Hata mahali pamoja?"

"Hata pamoja."

Akachukua kikombe kwa mikono miwili akanywa chote bila kupumua, maji yakishuka kidevuni mpaka kwenye kile kifungo cha shingoni. Nikammiminia kingine. Alipomaliza alifuta mdomo, akavuta simu, na nikaona uso wake unarudi, lakini nikaona pia kwamba unarudi na mzani wake.

"Jumatatu inasoma upya," akasema. "Nitarudisha mstari wangu. Na nitaongeza kipengele juu ya watunza kijiwe wanaobadilisha maneno ya wengine."

"Mzee, usiandike tena. Nakuomba."

"Nisipoandika mimi itasoma nini? Mnada wa Watani peke yake? Nani Mwizi wa Kuku? Itatoa watu kwa kura, na kila siku mnamtoa asiye na hatia."

Alikuwa anasema kweli. Mashine itakuja Jumatatu na njaa yake ya maneno, na katika mji mzima maneno ni haya tu.

"Basi tuandike wote," nikasema. "Na kwanza tuandike hivi. Maji hayafungwi kwa mtu yeyote, kwa kosa lolote."

"Gramu ngapi?"

"Hakuna gramu."

"Kipengele bila gramu?" Alinitazama kana kwamba nimemvua nguo. "Hicho kitagusa majedwali arobaini."

"Nitakusaidia kuyarekebisha."

Aliandika kwa kidole kimoja, polepole. Akasoma kwa sauti mara tatu, akitafuta mahali kinapojipinga. Hakupaona. Akasogea kitandani kunipa nafasi ya kuona kioo vizuri.

"Haya," akasema. "Na vitanda?"

Nikafungua mdomo. Vitanda vitano, watu kumi na mmoja, na mmoja wao ni mama yangu. Salehe Kondo alinisubiri, kidole kimesimama juu ya kioo, kama karani anayemsubiri mkulima aliyefika dirishani aseme jina lake.